Usiniambie "Mixteco", Niambie Kijiji

Kazi yangu ni kuunganisha simu. Hospitali, mahakama au shule hapa California ikipata mtu wasiyeelewana naye, wananipigia nami namtafutia mkalimani. Kiswahili hakinisumbui. Mtanzania akimkalimania mkimbizi wa Bukavu watavutana kwenye maneno mawili matatu, kisha mambo yanakwenda. Kinachonimaliza nguvu ni Kimixteki, lugha ya wenyeji wa Meksiko ambayo Wahispania waliita mixteco.

Nesi anasema, "Naomba mkalimani wa mixteco." Nauliza, mgonjwa ni wa wapi? "Meksiko." Hapo bado hajaniambia kitu. Wamixteki asili yao ni milima ya majimbo matatu, Oaxaca, Guerrero na Puebla, pamoja na pwani ya Oaxaca, na mwaka 2008 taasisi ya serikali ya Meksiko inayoshughulikia lugha za wenyeji iliorodhesha aina 81 za Kimixteki. Baadhi zinaelewana, nyingine hazielewani hata kidogo. Nikimuunganisha mkalimani wa Mixteca Alta, huko milimani, na mgonjwa wa pwani ya Oaxaca, mara nyingi wanasalimiana, wananyamaza, halafu wanahamia kwenye Kihispania cha kuungaunga ambacho wote wawili hawakimudu. Nesi akisikia sauti zinaendelea anaamini kazi inafanyika.

Kwa hiyo nauliza wilaya, kisha kijiji. Wagonjwa wengine wanasita kukitaja, wakidhani nawauza kwa watu wa uhamiaji. Akishakitaja, nawaacha yeye na mkalimani waongee kwanza: kwenu wapi, umelala vipi, mvua imenyesha? Upande wa hospitali wanalalamika kwamba tunapiga soga. Si soga. Ndiyo njia pekee niliyonayo ya kujua kama wanasikilizana.

Tatizo kubwa liko kwenye faili. Mtu ametoka Meksiko, basi karani wa mapokezi anaandika "Kihispania" na kuendelea na foleni. Niliwahi kupigiwa usiku kutoka wodi ya wazazi. Mama yule alikuwa amehudhuria kliniki ujauzito mzima akihudumiwa kwa Kihispania, na kila alichoulizwa alijibu "sí". Tulipompata mkalimani wa kijiji cha jirani na kwao, swali la kwanza la mama lilikuwa kwa nini amenyimwa chakula tangu asubuhi. Hakujua kwamba anaandaliwa kupasuliwa. Fomu ya idhini ilikuwa imeshatiwa saini.

Mahakamani ni mbaya zaidi. Huko Oregon, mwaka 1986, kijana wa Kimixteki aliyekuwa kibarua wa mashambani alihukumiwa kwa mauaji baada ya kesi iliyokalimaniwa kwa Kihispania, lugha aliyoijua kwa shida. Aliachiwa huru mwaka 1991.

Hata lugha ikishajulikana, kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana. Sisi wa Kiswahili tunaidharau kwa sababu hatuna. Kimixteki kinaishi kwa toni. Katika lahaja ya Yoloxóchitl, huko Guerrero, kitenzi kinaweza kukanushwa kwa kubadili toni tu, bila kuongeza neno lolote. Sasa weka hayo kwenye simu inayokatakata, daktari kavaa barakoa, mashine zinalia pembeni. "Nimemeza dawa" na "sijameza dawa" vinakaribiana kuliko unavyodhani.

Tena wakalimani wanaojua Kimixteki na Kiingereza kwa pamoja ni wachache mno. Mara nyingi tunapokezana: daktari kwa Kiingereza, mkalimani wa kwanza anageuza kuwa Kihispania, wa pili anageuza kuwa Kimixteki, na jibu linarudi njia ileile. "Figo zako zimeanza kuchoka" inachukua dakika kadhaa. Kuna daktari atakayeangalia saa. Na msimu wa stroberi ukipamba moto huko Oxnard na Watsonville, wakalimani wangu wazuri wako shambani, kwa sababu kuchuma kunawapa saa za uhakika na simu zangu haziwapi.

Kuna ofisi zinazojitetea kwa vipeperushi vilivyotafsiriwa. Wengi wa wagonjwa hawa hawajawahi kufundishwa kusoma lugha yao. Rekodi ya sauti ingewafaa zaidi. Niliona faili lililoandikwa kwamba lugha ya mgonjwa "haina maandishi". Wahenga wa watu hawa walichora vitabu kwenye ngozi ya kulungu kabla Wahispania hawajafika, vyenye nasaba na vita vya watawala wao, na kimoja kiko British Museum, London, hadi leo. Maandishi walikuwa nayo. Shule ndiyo iliyowanyima.

Najua Waswahili wengi hapa Marekani mko kwenye uuguzi, mapokezi na usafirishaji wa wagonjwa. Mkiona mtu wa Oaxaca au Guerrero anaitikia kila kitu, msimwamini "sí" yake. Mwambieni arudie kwa maneno yake alichoelezwa. Ulizeni kijiji, kiandikeni kwenye faili, halafu ndipo mnipigie.