Rafu ya Mtu Mwenye Stoo

Kwa wiki tatu mfululizo niliishi kwa kuandika kuhusu rafu za jikoni. Mteja alikuwa Marekani, jimbo gani sijui, na alitaka makala sita juu ya rafu zisizo na milango: jinsi ya kuzipanga, jinsi ya kuzipamba, cha kuweka na cha kuficha. Sikuzungumza naye hata siku moja. Akaunti ni ya jamaa fulani wa Kahawa Wendani. Maelekezo hupitia kwake, pesa hupitia kwake, yeye anakata asilimia 30, na hata matusi yakija huwa yamepitia kwake yakapoa kidogo. Maneno elfu moja, shilingi 450 mkononi. Wanaofanya hizi kazi za mtandao wanaijua bei. Wengine waniamini tu.

Nikasoma hadi nikawa mtaalamu wa kitu ambacho sijawahi kukiona kwa macho. Vitu vipangwe kwa idadi witiri, vitatu au vitano, maana jicho la mtu halichoki haraka likiona tatu. Vizito chini, vyepesi juu. Kirefu nyuma, kifupi mbele. Rangi zisizidi tatu, nyeupe iwe mojawapo. Ubao wa kukatia mboga uegemezwe ukutani kama picha. Mmea mmoja, wa aina inayoteremka. Rafu ya kwanza ianze kama sentimita 45 juu ya meza ya jikoni, na upana wake uwe 25 hadi 30, sahani kubwa itulie bila kuchungulia nje. Na kanuni mama: acha nafasi. Theluthi moja ya rafu ibaki tupu ili vitu vipumue.

Bedsita yangu ya Zimmerman ilikuwa inapumua vizuri sana, hasa kuanzia tarehe 15.

Rafu zangu ni mbao mbili zilizopigiliwa ukutani juu ya sinki na mpangaji aliyenitangulia. Aliondoka usiku, wanasema, akaacha mbao, misumari na deni. Chini yake kuna mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu. Kwenye mbao zenyewe: sufuria mbili, moja bila kifuniko, sahani tatu za melamini, kikombe cha bati, kopo la Kasuku lenye chumvi, majani ya chai, sukari ikiwepo. Mwanzo wa mwezi, nikishalipwa, mbao hujaa na hata kupinda kidogo. Kufikia tarehe 20 unaweza kuhesabu misumari.

Shida si utupu. Shida ni kwamba ukifungua mlango wangu, jambo la kwanza unaloona ni rafu, kabla hata ya kitanda. Jirani akija kuomba kiberiti anaisoma. Msimamizi wa ploti akija kudai kodi anaisoma kwa makini zaidi. Kuna mwezi nilimwomba anipe siku nne, sina kitu. Akanyoosha shingo, akaona chupa mpya ya mafuta, lita moja, akasema, "Lakini wewe naona unakaanga." Tangu siku hiyo mafuta hukaa chini ya kitanda.

Sasa keti mahali hapo, na rafu hiyo mbele yako, uwaandikie watu wa mbali kwamba uwazi wa rafu huipa nyumba ukarimu.

Nilitazama picha kwa mamia. Kazi ilidai hivyo. Mteja alitaka maelezo chini ya kila picha. Bakuli nyeupe zimepandana, glasi zinang'aa, mtungi wa udongo una miiko ya mbao ambayo hakuna ugali uliowahi kuigusa. Ilikuwa makala ya nne nilipogundua kilichokuwa kinanisumbua. Hakuna unga. Katika picha zote hizo sikuona pakiti moja ya unga, wala kibuyu cha mafuta, wala kitunguu kinachoota. Watu hawa wanakula nini? Nikarudi kusoma maelekezo na jibu lilikuwa pale pale, limeandikwa kama jambo dogo: vyakula vya pakiti vihamishiwe stoo. Kumbe nyuma ya hayo yote kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna chumba kizima kimejaa. Rafu wazi ni ya mtu mwenye stoo. Ule utupu wa theluthi moja anaweza kuuacha kwa sababu njaa yake imeshughulikiwa kwingine.

Niliiandika sentensi hiyo kwenye makala, kwa upole. Ikarudi imekatwa.

Makala pekee niliyoandika bila kuumwa roho ni ile ya usafi, kwa sababu hapo mimi na Mmarekani ni ndugu. Rafu wazi ikiwa karibu na moto hupata utando. Mvuke wa mafuta hupanda ukipika, hukaa juu ya vyombo, halafu vumbi huja kulala juu yake, na baada ya wiki mbili una gundi. Maji baridi hayaitoi. Inataka maji moto na sabuni ya kutosha. Chombo unachokitumia kila siku hakina shida hiyo, kinaoshwa hata kabla utando haujashika. Ni vile vya urembo vinavyonata. Kwa hivyo yeyote anayekwambia rafu wazi ni rahisi kutunza, ana mtu anayemwoshea.

Kwetu Mwatate, vyombo vina makao matatu. Vya kila siku huanikwa nje juu ya kichanja cha miti, jua livipige. Sufuria za kupikia hukaa jikoni, nyeusi tii kwa masizi, na hakuna anayeziona ila mpishi. Halafu kuna kabati la vioo sebuleni. Mkenya yeyote wa umri wangu analijua hilo kabati. Limefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa sindano ya kroshe, juu yake kuna picha za shule na kalenda ya miaka iliyopita, na ndani yake kuna vyombo ambavyo watoto wa nyumba hiyo hawajawahi kunywea.

Vya mama yangu alivipata kwa chama. Kina mama ishirini walikuwa wakichanga kila mwezi, na zamu ya mmoja ikifika wote wanakwenda kwake na beseni kichwani wakiimba, wanamletea vyombo: sufuria, sinia, vikombe. Zamu ya mama alipata seti ya vikombe kumi na viwili, vyeupe, mstari wa dhahabu ukingoni, na visahani vyake. Alivipanga kabatini kimoja kikitazama kushoto, kingine kulia, akafunga kwa ufunguo. Mchungaji alinywea mara mbili. Babangu alipofariki vilitoka, vikaoshwa, vikarudi. Mimi nilipoitwa chuo kikuu, mama alisema vitatoka tena siku ya joho.

Nilisomea historia. Mwaka wa pili idara ilitupeleka Lamu, na katika nyumba moja ya kale iliyogeuzwa kuwa makumbusho tulioneshwa zidaka. Ni vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, safu juu ya safu, ukuta mzima ukawa kama sega la nyuki. Nyumba hizo za matumbawe nyingi ni za karne ya 18. Ndani ya vishubaka wenyewe walipanga bakuli na sahani za kauri kutoka Uchina, vitu vilivyovuka bahari nzima ili vije kutulia ukutani. Kupika kulifanyika juu, karibu na paa, moshi uende zake. Chombo cha kutazamwa na chombo cha moto havikukutana. Watafiti wengine wameandika kwamba kauri hizo zilikuwa kinga pia, zilizuia kijicho kisimfikie mwenye nyumba.

Kilichonishangaza ni mahali penyewe. Zidaka nzuri kuliko zote hazikuwa barazani ambako mgeni wa kawaida huishia. Zilikuwa ndani kabisa, chumba cha mwisho, cha wanawake, cha kuzalia na cha kuoshea maiti. Nikajiuliza, sasa huo urembo wote ulikuwa wa kutazamwa na nani? Niliandika swali hilo nyuma ya tikiti ya kuingilia, nikapanga liwe mradi wangu wa mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu salio la karo likafika shilingi 68,000, jina langu likakosekana kwenye orodha ya watahiniwa, nikafungasha. Sina mengi ya kusema hapo. Karo ni karo.

Mama alikuja Nairobi nikiwa kwenye makala ya tano. Alikuwa na kliniki ya macho Alhamisi, angelala kwangu usiku wa Jumatano na wa Alhamisi. Hiyo Jumatano ilikuwa tarehe 22.

Nilipanga rafu. Sijui kama ni kazi ilikuwa imeniingia kichwani au ni nini, lakini nilizishusha zile mbao, nikazisugua, nikazirudisha. Nilikuwa na mitungi mitatu ya kioo niliyookota Gikomba kwa shilingi mia. Mmoja nikautia ndengu, wa pili majani ya chai, wa tatu unga uliobaki. Vitatu, idadi witiri. Kirefu nyuma. Ubao wa kukatia nikauegemeza ukutani. Kwa mmea nilikata tawi la kitu kinachotambaa kwenye ukuta wa jirani, nikalitia kwenye chupa ya maji. Katikati nikaacha nafasi, na nafasi hiyo ilionekana kana kwamba nimeichagua. Ilipendeza, nisidanganye. Nilisimama mlangoni nikaitazama kwa macho ya msimamizi wa ploti, na kwa mara ya kwanza rafu yangu haikusema lolote kunihusu.

Mama alishuka treni Syokimau na kikapu alichokikumbatia kama mtoto, hakutaka nikibebe. Alipofika aliketi kitandani, akavua viatu, akaitazama rafu kwa muda mrefu. Macho yake ni mabovu lakini si mabovu kiasi hicho.

"Umepapanga vizuri," akasema.

"Asante mama."

"Unga uko wapi?"

Nikamwonesha mtungi.

"Ule ni unga wa jioni hii. Nauliza unga."

Sikujibu, naye hakuuliza tena. Tulikula ule ugali kwa ndengu, akasimulia habari za ng'ombe na za mjomba na za mvua iliyokataa, tukalala, yeye kitandani mimi chini.

Asubuhi niliamshwa na mlango. Mama alikuwa ameshatoka dukani na kurudi. Akaweka mezani pakiti mbili za unga, kilo mbili mbili, sukari, mafuta ya kupikia lita moja, mchele, sabuni ya mche. Nilijua hizo pesa. Zilikuwa nauli ya kurudi na za dawa, na kitu kidogo cha juu. Nikaanza kusema, akaninyamazisha kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akaivamia rafu. Mitungi akaisukuma nyuma. Tawi akalitoa, akalitupa nje. Pakiti za unga akazisimamisha mbele, sambamba, maandishi yakitazama mlango. Mafuta vilevile. Akarudi nyuma hatua mbili, akazisogeza tena kidogo.

"Hapo. Mtu akifungua aone mtoto wangu anakula."

Nikamweleza kuhusu msimamizi wa ploti na chupa ya mafuta. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. "Mwambie ni ya mamako. Aje anidai mimi."

Ndipo akafungua kikapu. Magazeti, magazeti, kitenge cha zamani, magazeti tena, halafu mstari wa dhahabu. Alikuwa amekuja na vikombe sita na visahani vyake. Nilibaki nimevitazama tu. Mimi nilivijua kwa nyuma ya kioo. Hata uzito wake sikuujua, ni vyepesi kuliko nilivyodhani.

"Mama, hivi si ni vya..."

"Ni vikombe," akanikatiza. "Kule nyumbani nanywa chai peke yangu, kimoja kinanitosha. Hapa wewe una wenzako. Wakija wananywea nini, kile cha bati? Kwa zamu?"

Akaviosha kimoja kimoja, akavipanga rafu ya chini, mkono unapofika. Sita. Vilijaza ile nafasi yangu yote. Siku hiyo hiyo tukachemsha chai ya maziwa, tukavinywea, na akamwita jirani yangu wa kushoto na mwanawe nao wanywe, watu ambao hadi hapo mimi nilikuwa nawapa kiberiti tu.

Makala ya sita ilikuwa kuhusu cha kuweka kwenye rafu ya chini. Niliandika vitu vya kila siku, vile unavyovishika bila kufikiri, na kwamba pakiti nzuri ya unga ikikaa mbele haiharibu kitu. Mteja aliiacha sehemu ya kwanza. Ya pili alikata, akalipa, akapotea. Jamaa wa Wendani anasema sasa yuko kwenye mapazia.

Mama hupiga simu Jumapili jioni. Wiki jana aliuliza, "Vile vikombe, unavitumia?"

"Navitumia."

"Vyote vipo?"

Nikamwambia kimoja kilianguka, mtoto wa jirani alikipiga kiwiko akifuata mpira wake. Akanyamaza. Nilisikia kuku kwa nyuma, na redio.

"Haya," akasema. "Basi unavitumia kweli."