Vumbi Lipi Lifutwe?

Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii aghalabu hutumiwa kumtahadharisha mtu dhidi ya adui aliye karibu naye. Katika chumba cha eksirei, hata hivyo, maana yake huwa wazi zaidi. Kifungo cha blauzi, sarafu iliyosahauliwa mfukoni, hirizi iliyofungwa shingoni au msuko wa nywele ulioangukia begani huweza kujichora katika picha ya kifua, na mtu asiyekuwa na ugonjwa akaonekana anao.

Jambo hili si geni. Mnamo tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miale ambayo, kwa kuwa hakujua asili yake, aliiita X. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mkewe. Mifupa ya vidole ilionekana, na pamoja nayo ikaonekana pete. Tangu mwanzo, basi, eksirei imekuwa ikitoa ushahidi wa mwili na wa kile kilichouzunguka mwili. Pete haimdanganyi mtu. Shida huanza pale kitu cha nje kinapofanana na ugonjwa wa ndani. Kifua kikuu cha watu wazima, mathalani, aghalabu hushika sehemu ya juu ya mapafu, na ni papo hapo ambapo misuko mirefu hulalia.

Suala hili ni zito nchini Kenya. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kuwa kati ya kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na kifua kikuu. Baadhi yao hawakuwa na dalili zozote za kuwapeleka hospitalini. Ni eksirei iliyowafichua. Mnamo mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha programu za tarakilishi zisaidie kuzisoma picha za vifua vya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Maadamu picha inasomwa na jicho la binadamu na pia na mashine, ni muhimu kujua ni kipi kilicho katika picha na ni kipi kilichojipenyeza.

Nakuru ni mahali mwafaka pa kulitafakari jambo hili. Wengi husema kuwa jina lenyewe, katika lugha ya Kimaasai, linahusiana na vumbi. Iwe ni kweli au la, mji huu umekaa kati ya udongo wa volkeno wa Menengai na ziwa la magadi. Katika miaka ya 1990 ziwa lilipopungua sana, upepo uliinua vumbi jeupe kutoka ufuoni. Baadaye maji yaliongezeka hata yakameza sehemu za mbuga, lakini vumbi la kiangazi halikukoma. Huingia madirishani, hulala juu ya meza, na huingia hata ndani ya vifaa vilivyofungwa.

Katika hospitali moja ya mji huo hufanya kazi mpiga eksirei mmoja, mwanamke aliyeanza kazi wakati filamu zilipokuwa zikisafishwa kwa dawa gizani. Sasa hutumia bamba lililo ndani ya kaseti. Miale ikishapita mwilini, bamba huhifadhi nguvu yake. Kisha leza nyekundu hulipitia mstari baada ya mstari, nalo hutoa mwanga wa samawati unaogeuzwa kuwa tarakimu. Tarakimu hizo ndizo picha. Chembe ya vumbi ikitua juu ya bamba, huuziba mwanga huo, na mahali pake katika picha pakatokea nukta nyeupe. Vumbi likitua ndani ya mashine ya kusomea, penye njia ya mwanga, huacha mstari mweupe unaovuka picha nzima. Bamba lisipofutwa vyema baada ya matumizi, kivuli cha mgonjwa wa kwanza huja kujitokeza katika kifua cha wa pili.

Asubuhi moja ya Januari aliletwa mzee aliyekuwa akikohoa kwa miezi mingi. Picha ilipotokea kwenye skrini, nukta ndogo nyeupe zilikuwa zimetapakaa katika sehemu za juu za mapafu yote mawili. Mwanagenzi aliyekuwa akifunzwa kazi alizitazama, akautazama unga uliotanda dirishani, akasema kwa uhakika:

"Ni uchafu wa bamba, madam. Programu inaweza kuzilainisha zikatoweka. Nizifute?"

"Usiguse," akajibiwa. "Kwanza tuulize ni za nani."

Mwanamke huyo hapendi neno uchafu. Huyaita madoa kama hayo madoa ya uongo, na ana sababu. Uchafu humwalika mtu afute. Uongo humwalika achunguze, kwa kuwa hakuna awezaye kumwita mwenzake mwongo bila ushahidi. Basi aliichukua kaseti ileile, akaifuta kumbukumbu yake, akaipiga miale ikiwa tupu, pasipo mtu mbele yake. Njia hii haimwongezei mgonjwa hata chembe ya miale. Picha ya bamba tupu ilipotokea, nukta tatu zilikuwa mahali pake palepale. Nyingine zote hazikuwepo.

Tatu zilikuwa za bamba. Zilizobaki zilikuwa za mzee.

Hapa ndipo palipo na kiini cha kazi yote ya kusahihisha picha. Kuna usahihishaji wenye shahidi na usahihishaji usio na shahidi. Mashine za kisasa zaidi, zisizotumia kaseti, hupigwa miale zikiwa tupu ili udhaifu wa kila sehemu upimwe mapema na kuondolewa katika picha zinazofuata. Pikseli iliyokufa huorodheshwa, na thamani yake hukadiriwa kutokana na jirani zake. Huo ni usahihishaji wenye shahidi: kosa lilijulikana kabla ya mgonjwa kuingia. Lakini kulainisha picha kwa sababu tu nukta zinaudhi macho ni kuyapa mapafu sura tunayoitamani. Hata makadirio ya jirani yana mpaka wake, kwani pikseli nyingi zilizokufa zikikusanyika pamoja, tarakilishi huwa inabuni nyama isiyokuwepo.

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wanaufahamu mtihani huu, japo kwa sura nyingine. Katika miswada ya hati za Kiarabu, jino moja la herufi lenye nukta moja chini husomwa b. Nukta ikiwa juu husomwa n. Zikiwa mbili juu husomwa t. Tundu la mdudu au tone la wino huweza kujifanya nukta, na nukta halisi huweza kudhaniwa tone. Mhariri mwenye pupa husafisha ukurasa, na ubeti ukasomeka vizuri kuliko alivyoutunga mwenyewe mtunzi. Mhariri makini hutafuta nakala nyingine. Kaseti tupu ndiyo nakala nyingine ya mpiga eksirei.

Bamba lilipanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, likaachwa likauke, na mzee akapigwa picha moja zaidi. Nukta tatu zilitoweka. Nyingine zilibaki. Makohozi yalipopimwa, hayakuonyesha viini vya kifua kikuu. Ndipo daktari alipomuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: alikuwa akifanya kazi gani? Mzee alijibu kuwa alichonga mawe ya kujengea kwa miaka isiyopungua ishirini. Vumbi la mawe lenye silika huacha makovu mapafuni yasiyoondoka, na humweka mwenye makovu hayo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu baadaye. Ilibidi aandikiwe kurudi mara kwa mara. Kama nukta zote zingefutwa asubuhi ile, angepelekwa nyumbani na dawa ya kikohozi.

Kabla ya kuondoka, mzee alipitia tena chumba cha eksirei.

"Binti yangu," akasema, "nasikia ulipata vumbi kwenye mashine yako na vumbi kifuani mwangu."

"Ni kweli, mzee. La mashine nimelipangusa. Lako siwezi."

"Usilipanguse," akasema mzee, akiivaa kofia yake. "Hilo nililitolea jasho. Wewe liandike tu."

Naye akaliandika.