Wiki Hii Umeshinda Nini?

Hivi mpenzi msomaji, mara ya mwisho mtu kukwambia "hapo umefanya vizuri" kazini ilikuwa lini? Simaanishi Mei Mosi. Mei Mosi tunaijua: ofisi nzima inatoa mfanyakazi hodari mmoja, anapewa cheti na bahasha, na nyie wengine mnapiga makofi, mnavua fulana, kesho mnarudi kazini.

Mimi nimefundisha hisabati Bukene, wilaya ya Nzega, miaka minne. Kama hujafika, Bukene iko kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza. Ni vumbi, miembe na magunia ya mpunga. Mume wangu yeye alikuwa Dar, kaunta ya benki. Ndoa changa, mwaka na nusu tu, na tunaishi kwa simu. Wenzangu wakapandishwa daraja, jina langu likarukwa, na aliyepaswa kunieleza sababu hakunieleza mpaka leo. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaiweka kwenye droo. Na mwenzangu naye alishachoka. Kila tukipigiana ni lawama tu, "lini unarudi", mpaka mmoja anakata simu.

Ijumaa moja akaniuliza swali la ajabu: "Mke wangu, wiki hii umeshinda nini?"

Nikamjibu kwa hasira, "Nimeshinda na njaa."

Akacheka, lakini hakuniachia. Basi nikamsimulia binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye ukimwita ubaoni machozi yanatangulia. Jumatano ile alinyanyuka mwenyewe, akachukua chaki, akafungua mabano ya aljebra mpaka mwisho. Akakosea alama moja ya kutoa, akaiona, akaifuta kwa kiganja. Darasa kimya. Yaani sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata stafu. Nilikuwa naliona jambo dogo mno.

Kilichonimaliza ni Ijumaa iliyofuata. Kabla hata ya salamu: "Vipi yule binti wa mabano?" Alikumbuka! Jamani, mimi hongera za jumla jumla za "kazi nzuri, endelea hivyo" sizithamini sana. Hongera inayonoga ni ile inayotaja kitu chenyewe.

Nikaanza kumuuliza na yeye. Kumbe mwanaume ana mambo: siku tatu mfululizo alifunga hesabu za kaunta bila senti kupungua, na kuna mzee wa pensheni alikuwa anakwepa madirisha mengine, anapanga foleni ya kwake tu. Kina dada, waulizeni waume zenu. Hawasemi mpaka waulizwe.

Na Unyamwezini hili la kusahaulika ni la zamani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita huku, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa upagazi, mzigo wa kilo 30 hivi begani kwa miezi. Vitabu vimejaa majina ya wakubwa wa misafara. Ya wapagazi unayatafuta kwa tochi. Ndiyo maana kisa kimoja nakipenda. Mwili wa Livingstone, aliyefariki mwaka 1873, ulibebwa na watu wake kupitia Unyanyembe, hapo jirani na Tabora, mpaka pwani. Baadaye Jumuiya ya Kijiografia ya London ikatengeneza nishani 60 za fedha kwa ajili yao, na nishani zikaandikwa majina ya wenyewe. Chuma na Susi tumewasikia, lakini fikiria wale wengine, mtu kuliona jina lake pale.

Tusidanganyane lakini: hongera hailipi kodi. Bosi anayegawa sifa ili asitoe malimbikizo ya watu, huyo anawachezea. Daraja langu nililifuatilia hadi wilayani, na nikalipata.

Barua ya droo niliichana. Mwaka uliofuata niliomba uhamisho, safari hii kwa sababu nilimtaka mume wangu. Siku ya kuondoka, bibi yake yule binti alikuja na chupa ya asali, akaishika mikono yangu miwili, akasema "wabeja, mwalimu", asante ya kwao. Hakusema kingine.

Sasa tuko nyumba moja, na Ijumaa swali liko palepale. Juzi zamu yake, akafikiri weee, mwisho akasema: "Nimetengeneza bomba la jikoni." Nikaenda kulifungua. Kweli halivuji.