Walioingia Chumba cha Nyuma

Kwetu Kagera ugonjwa ulifika kabla ya jina lake. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani mwetu mwaka 1983, lakini vijijini tuliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Vita na Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, madukani hamna kitu, na kijana aliyethubutu kuvuka mpaka na mzigo mgongoni alirudi na redio, pesa na shati la Juliana. Baadaye kijana huyo huyo akakonda, akaharisha, akafa. Wengine wakasema ni ile nguo. Wengine wakasema alimdhulumu mtu huko ng'ambo, na mtu huyo akamtupia uchawi.

Nilikuwa mama kijana, upande wa Kiziba, mwanachama wa umoja wa wanawake katika usharika wetu wa Kilutheri. Ninayoyakumbuka ni ya katikati ya miaka ya themanini. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuja kuonyesha kwamba mjini Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Sisi hatukuhitaji kuambiwa. Kwa desturi ya Wahaya, msiba ukiingia jembe huwekwa chini siku kadhaa, na marehemu huzikwa ndani ya kibanja chake, kati ya migomba. Misiba ilipoanza kufuatana, wazee walikaa kikao wakazipunguza siku za matanga, maana magugu yalikuwa yanaimaliza migomba na watoto walikuwa wanalala njaa.

Waliokuwa wakifanya kazi Mwanza na Dar es Salaam walirudi kwa meli kuja kufia kwao. Mgonjwa akishapokewa aliwekwa chumba cha nyuma, pazia likashushwa, na mgeni akiuliza aliambiwa ana malaria. Chakula kilisogezwa mlangoni. Sipendi mtu awalaumu wale wazazi. Walikuwa wamezika mtoto mmoja, mwingine yuko ndani anaumwa, na hakuna aliyewaeleza ugonjwa unaambukiza vipi.

Jumapili moja, baada ya matangazo ya sadaka na mnada wa ndizi, mchungaji wetu alisema kuna nyumba ambazo hazijaona mgeni tangu mgonjwa aingie, akauliza nani yuko tayari kwenda naye Jumanne. Kanisa lilinyamaza. Akasimama bibi mmoja mjane, mzee kuliko wengi wetu, asiyejua hata kusoma. Akasema, "Mimi sinyonyeshi wala sina mume wa kuniuliza nilikuwa wapi. Nitatangulia mimi, nyie wenye watoto mtazame kama nitakufa."

Watu walicheka, lakini lilikuwa neno zito. Alikuwa amepima hatari, akajiona yeye ndiye mwenye kidogo cha kupoteza, akakiweka mezani. Wengine tulikuwa tunamwomba Mungu aondoe hofu kwanza ndipo twende. Bibi yule hakuomba hofu iondoke. Aliiona nafasi, akaichukua na hofu yake.

Kabla hatujaanza, muuguzi wa zahanati alitukusanya akatufundisha. Alisema ugonjwa hauendi kwa kushikana mkono wala kwa kula sahani moja. Unapita kwenye damu na kwa kujamiiana, na mama anaweza kumwambukiza mtoto. Mwenye kidonda mkononi asimwoshe mgonjwa. Mipira ya mikono haikuwako, hata hospitali ilikuwa inahesabiwa, kwa hiyo tulivaa mifuko ya nailoni tukaifunga kwenye kiwiko cha mkono kwa kamba za mgomba. Mmoja wetu alinong'ona kwamba kuvaa mfuko ni kupungukiwa na imani. Yule bibi akamwambia, "Basi wewe utachota maji," na huo ukawa mwisho wa mjadala. Tangu siku hiyo tulikuwa tunavaa mifuko kwanza, halafu ndiyo tunasali.

Tulikwenda wawili wawili. Nyumba ya kwanza niliyopangiwa pamoja na bibi ilikuwa ya kijana aliyerudi kutoka mjini, fundi wa magari zamani, sasa mifupa mitupu kwenye mkeka. Mama yake alibaki uani. Bibi aliingia, akakaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa, akamtazama mikono. "Mwanangu, kucha zako zimekuwa ndefu, unajikwaruza." Akaagiza wembe mpya dukani. Kijana akauliza, kwa sauti ya kukwaruza kwa sababu ya utando mweupe uliojaa mdomoni, "Bibi, huogopi?"

"Naogopa. Nyoosha mkono."

Alimkata kucha zote, kidole kwa kidole, bila haraka, kisha akautumbukiza ule wembe chooni kama tulivyofundishwa. Mimi nilimsukutua mdomo kwa maji ya chumvi, nikamlisha uji wa ulezi uliopoa. Tulipomgeuza tuliona vidonda vya mgongoni vimeanza. Tulipotoka, mama yake alikuwa amesogea hadi kwenye kizingiti, amebeba beseni la maji ya moto. Alikuwa ametuchungulia kwenye pazia. Ziara iliyofuata tulimkuta anamgeuza mwanawe mwenyewe, naye amejifunga mifuko mikononi.

Hapo nikaelewa kazi yetu ilikuwa nini. Hatukuwa na dawa. Hatukumponya hata mtu mmoja, na kijana yule tulimzika kabla msimu wa senene haujafika. Lakini mlango uliokuwa umefungwa na hofu ulifunguliwa kwa kuona mtu mwingine akiingia na kutoka salama. Kila nyumba tuliyoingia ilituletea mfanyakazi mmoja: mama, dada, wakati mwingine mtoto wa darasa la nne.

Maneno hayakukosekana. Kwenye vilabu vya rubisi walisema wanawake wa kanisa wamejichimbia makaburi. Wapo wahubiri waliosema hii ni adhabu ya uzinzi na tusiingilie mkono wa Mungu. Bibi aliposikia alijibu kwamba hata anayeadhibiwa hushikwa na kiu. Kilichotusumbua zaidi ni umaskini. Sabuni ilikuwa adimu. Mche mmoja ulikatwa kwa uzi vipande vidogo vidogo ili kila nyumba ipate. Sukari ya kuchanganya na maji na chumvi kwa mgonjwa anayeharisha ilitafutwa kama dhahabu. Mara nyingi tulianza safari bila kujua sabuni itatoka wapi, na njiani mtu akatuita na kutupa nusu kipande. Mwingine ataiita bahati. Mimi ndipo nilipojifunza kumtegemea Mungu: kwamba ninaondoka na kilichopo, na kisichopo sikiachi kiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure nchini mwishoni mwa mwaka 2004, wengi tuliowahudumia walikuwa wameshalala kwenye vibanja vyao. Yule bibi alifariki kwa uzee. Katika kundi letu hakuna aliyepata ugonjwa kwa kazi ile, na sisemi hivyo kama muujiza. Muuguzi alitufundisha vizuri nasi tukamtii. Kwangu, hayo mafundisho nayo yalikuwa jibu la maombi.

Siku hizi vijana wa usharika huniuliza tulipata wapi ujasiri, wakidhani nitawatajia mfungo au maono. Nawaambia sikuwa na ujasiri wowote mlangoni. Niliukuta ndani, nikiwa nimeshika kikombe cha uji. Halafu nawatajia nyumba. Hapa jirani yupo mzee aliyekatwa mguu kwa kisukari na anaishi peke yake. Yupo bibi anayelea wajukuu na mgongo umekataa kuinama kulima. Waulizeni nani anawachotea maji. Jibu likiwa hakuna, nafasi yenu ndiyo hiyo, na haingoji semina. Anayeogopa atafute mwenzake waende wawili.