Kontena za Malaba na kontena za kompyuta

Wiki hii rafiki yangu mmoja, wakala wa forodha pale Malaba, kaniuliza: hii Kubernetes mnayoisifu ni kitu gani, na kwa nini nisiweke kompyuta mbili tu, moja Malaba na moja Busia, moja ikizima nyingine iendelee?

Kontena yeye anazijua kuliko mimi. Zinapita mbele ya ofisi yake siku nzima kutoka Mombasa, zimetiwa lakiri, na dereva hana haja ya kujua ndani mna nini. Kontena ya programu ni vivyo hivyo: programu imefungwa pamoja na vyote inavyohitaji, seva yoyote inaibeba.

Lakini nani anapanga ipi ipande wapi? Ndiyo kazi ya Kubernetes, iliyotolewa na Google mwaka 2014. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Wewe unaandika unachotaka, tuseme nakala 3 za programu fulani, nayo inalinganisha bila kuchoka ulichoandika na kilichopo. Zikiwa 2, inaongeza moja. Seva ikinyamaza, kwa kawaida inangoja kama dakika 5 kabla ya kuhamisha kazi zake. (Kwa stima yetu ya huku, subira hiyo naipenda.)

Sasa zile kompyuta mbili. Ulichoandika kinatunzwa katika hazina iitwayo etcd, na kila badiliko lazima likubaliwe na zaidi ya nusu ya seva zinazoitunza. Zaidi ya nusu ya mbili ni mbili! Stima ikipotea Busia, ile ya Malaba i hai lakini haiwezi kuamua lolote jipya, kwani haijui kama mwenzake amekufa au ni mtandao tu umekatika. Zingeruhusiwa kuamua kila moja kivyake, zingepishana, na nani angejua ipi ya kuaminiwa? Kwa hiyo mbili ni mbaya kuliko moja: yoyote ikizima, umekwama. Tatu zinavumilia kupoteza moja. Nne pia moja tu, kwa hiyo usipoteze pesa. Na ya tatu iwe mji mwingine, Bungoma kwa mfano, maana ukiweka mbili Malaba, giza la Malaba linazima usukani wote.

Kwa ofisi ya watu wanne nilimshauri aachane na klasta kabisa: kompyuta moja, betri nzuri, na nakala ya data kila jioni ipelekwe Busia. Jana kapiga simu kuulizia bei ya betri.