Kidonge cha Papa na Usingizi wa Nyumba Nzima

Mwezi huu tumeomba nafasi kidogo tuwaandikie habari ya nyumbani kwetu. Papa ametukubalia, ila kasema jina lake lisitiwe humu, maana kambi ni ndogo na midomo ni mingi.

Papa anaugua saratani ya damu, ile aina ya kwenda polepole ambayo madaktari wanaiita sugu. Haiambukizi. Hairithiwi kwa mzazi. Tunalitanguliza hilo kwa sababu kuna waliokataza watoto wao kunywea vikombe vyetu, na kuna waliotuuliza kule Fizi tulimkosea nani. Hakuna mtu. Ndani ya mifupa, pale damu inapotengenezwa, kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, zilibadilishana vipande, na toka hapo mwili ukawa unazalisha chembe nyeupe bila breki. Alama ya kosa hilo iligunduliwa mwaka 1960 na Peter Nowell na David Hungerford, huko Philadelphia, Marekani. Dawa ya kulizuia, imatinibu, ilipata kibali Marekani mwaka 2001. Papa anameza miligramu 400 kwa siku. Mtu mzima mwenye afya ana chembe nyeupe kama 4,000 mpaka 11,000 katika maikrolita moja ya damu. Papa alipopimwa mara ya kwanza zilikuwa zimepita laki moja.

Tunachotaka kuwaambia hasa ni habari ya usiku.

Kabla ugonjwa haujajulikana, Papa alikuwa analowa jasho mpaka mkeka unaanikwa asubuhi. Tulidhani ni kifua kikuu, akapimwa makohozi, hamna kitu. Bandama ilikuwa imevimba, upande wa kushoto chini ya mbavu, hawezi kuulalia. Dawa ilipoanza, jasho likaisha na bandama ikanywea. Tukashangilia. Kumbe usingizi wenyewe haukurudi. Miguu ilianza kumkaza, misuli ya nyuma ya goti inajifunga kama kamba ya mtumbwi, anaruka gizani na kuamsha wote. Sisi ni sita, chumba kimoja, pazia moja katikati. Akikosa usingizi mmoja, tumekosa sita, na asubuhi sisi walimu wa kujitolea tunasimama mbele ya watoto mia na kitu tukipiga miayo.

Papa alikuwa mvuvi wa ndagala Baraka, na kazi ile ni ya usiku, taa zinawashwa ziwani gizani wakati hakuna mbalamwezi. Kwa hiyo mwanzoni alicheka, akasema kukesha ni ufundi wake. Baada ya miezi miwili hakucheka tena. Jioni moja alikiweka kidonge juu ya meza na kutuambia: "Hii dawa iko inaniibia usingizi. Bora nilale nife, kuliko kukaa macho nikingojea kufa. Naiacha."

Hapo ndipo tuliogopa kweli. Saratani hii haitoi kelele mtu akiacha dawa. Wiki ya kwanza anaweza kujisikia vizuri kuliko zamani, miguu imelegea, analala fofofo, na huku chembe zinaongezeka kimyakimya. Dokta wa hospitali ya rufaa alitueleza uchunguzi uliotolewa London mwaka 2010. Wagonjwa 87 walipewa chupa zenye kifaa kwenye kifuniko, kinachoandika kila mara chupa inapofunguliwa, kwa miezi mitatu. Waliomeza asilimia 90 au chini ya hapo matokeo yao yalikuwa mabaya kuliko ya wenzao, na kwa walioshuka mpaka asilimia 80 au chini, damu haikufikia kabisa ile hali nzuri ambayo madaktari wanaitafuta. Sisi tulipiga hesabu: asilimia 10 ya siku 30 ni vidonge 3 tu. Watatu hao mtu anawaruka kwa mwezi bila hata kukumbuka.

Hatukubishana naye usiku ule. Mama alimwambia tu, "Kimeze cha leo, ya kesho tutamwuliza dokta." Akameza.

Alichouliza dokta kwanza kilitushangaza: anameza saa ngapi, na anakunywa maji kiasi gani? Dawa hii inakwaruza tumbo, inatakiwa imezwe na chakula na maji glasi kubwa. Na chakula chetu cha maana, tangu rasheni ilipopunguzwa mwaka 2023, ni kimoja, cha jioni. Kwa hiyo Papa alikuwa anameza saa 1 usiku, tumbo linamchafuka saa 3, maji yanamwamsha saa 6 kwenda chooni, na choo ni mbali, anapofika huko na kurudi usingizi umeshakimbia. Dokta alimruhusu kuhamia mchana, kwa sharti kwamba asiruke siku wala asirudufu kidonge.

Kusema ni rahisi. Chakula cha mchana kitoke wapi? Tulikaa tukakubaliana kwamba sehemu ya Papa ya ugali na maharage ya jioni iwekwe kwenye bakuli lenye kifuniko, Mama aipashe moto vizuri kesho yake, naye ale saa 6 mchana na kumeza. Jioni anakunywa uji nasi. Mdogo wetu wa miaka saba aliliangalia bakuli lile wiki nzima kama paka, mpaka tukamwonyesha kidonge na kumweleza chakula kile ni cha nani.

Kwa miguu tunamkanda ndama za miguu kabla ya kulala, na anasimama akiegemea ukuta akinyoosha kisigino chini. Inapunguza, haimalizi. Chai ya rangi ameiacha baada ya saa 10 jioni, hilo lilimuuma kuliko yote. Mchana analala kidogo akichoka, nusu saa, halafu tunamwamsha, hata akinuna.

Jirani mmoja mwema alituletea vidonge vya usingizi vya sokoni, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Tulishukuru lakini hatukumpa Papa. Dokta alikuwa ameshatuonya: imatinibu inalichelewesha ini kuziondoa baadhi ya dawa za usingizi, basi kidonge kidogo kinaweza kukaa mwilini kama kikubwa. Dawa za majani nazo zipo zinazoipunguza nguvu imatinibu. Wenye mgonjwa kama wetu, muulizeni dokta kwanza, hata kama aliyewapa ni shangazi. Kuvimba macho asubuhi ni kawaida kwa dawa hii, lakini mgonjwa akianza kukosa pumzi anapolala chali, au uzito ukipanda ghafla, huo si ukosefu wa usingizi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, maana maji yanaweza kujaa kifuani.

Na yapo yasiyo ya dawa. Kuna usiku miguu imetulia, tumbo limetulia, na Papa yuko macho. Anawaza mashua aliyoiacha Baraka, anawaza kama dawa za mwezi ujao zitafika na karatasi ya rufaa itasainiwa. Hapo hatuna dawa. Tulimwambia asijilazimishe kulala akigeukageuka, ainuke akae mlangoni. Mmoja wetu akisikia anatoka naye. Saa nyingine wanaongea habari za ziwa, saa nyingine wanakaa kimya tu mpaka baridi iwarudishe ndani.

Tumechora kalenda kwa mkaa ukutani, na mdogo wetu ndiye anayeweka alama kila saa 6 mchana. Mwezi uliopita zilikuwa alama 30 kwa siku 30. Papa analala saa 4 usiku, anaamka saa 9, mara nyingi anarudi kulala. Safari ya rufaa ni baada ya wiki sita, na kwenye daftari tumeshaandika maswali mawili ya kumpelekea dokta: la miguu, na la uji wa jioni kama unatosha.