Kila Namba Ina Kwao

Mwalimu wa shule ya msingi humfundisha mtoto kuzidisha mapema sana, lakini ni mara chache humfundisha kuuliza ile namba ya kuzidishia imetoka wapi. Mtoto hupewa swali lililokwisha kutayarishwa: gunia moja lina kilo 100, je, magunia sita yana kilo ngapi? Hajiulizi ni nani aliyelipima gunia hilo, wala kama lilikuwa lumbesa. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi sisi tunaofundisha Chala, wilayani Nkasi, tulivyotumia jambo jipya, yaani hesabu za hewa ukaa, kufundishia swali hilo la kale.

Jambo lenyewe si la mbali. Tangu Serikali ilipotoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, maneno "hewa ukaa" yametoka vitabuni yakaingia katika mikutano ya vijiji. Kwa jirani zetu wa mkoa wa Katavi, katika wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyotunza misitu ya Ntakata vimepata fedha kutokana na biashara hiyo. Fedha hizo hutokana na tani, na tani hutokana na kuzidisha. Mwanakijiji asiyejua kuiuliza namba maswali atapokea jibu lolote atakaloletewa, liwe la haki au la dhuluma. Na mwanakijiji huyo ndiye mtoto aliyeketi leo katika darasa la tano.

Yafaa kwanza tueleze maana ya kizidishi cha utoaji. Hakuna mtu anayeweza kuukinga moshi wote wa jiko na kuupima kwa mizani. Anachoweza kupima ni kuni zilizoingia jikoni. Kizidishi ni namba inayomwambia kwamba kilo moja ya kuni, ikiungua, hutoa gramu kadhaa za gesi fulani. Wanafunzi wetu walilielewa jambo hili kwa mfano wa debe. Debe la mahindi na debe la mkaa huchukua nafasi ile ile, lakini hayalingani uzito. Anayetaka kugeuza madebe kuwa kilo hana budi kujua kwanza ni debe la nini.

Vizidishi hivi havitungwi na mwalimu, bali hutafutwa. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) lilitoa mwongozo wake mkubwa mwaka 2006, nalo lina programu ya kompyuta ya kufanyia hesabu hizo pamoja na ghala la vizidishi vilivyokusanywa kutoka nchi mbalimbali. Mtu huandika neno, na kompyuta humletea orodha. Hapo ndipo kazi ya akili inapoanza, maana orodha huweza kuwa ndefu, na mstari wa kwanza hauna sababu ya kuwa bora kuliko wa kumi. Aidha, neno lenyewe huandikwa kwa Kiingereza, ambamo kuni, ubao na mti uliokatwa vyaweza kuitwa kwa jina moja. Kiswahili chetu hutenganisha vitu hivyo tangu mwanzo. Kwa hiyo tuliwataka wanafunzi waeleze kwa Kiswahili kamili kitu wanachokitafuta kabla ya kugusa kompyuta. Baada ya hapo tuliwafundisha kukihoji kila kizidishi kwa maswali manne.

Swali la kwanza: ni cha tendo gani? Wengi hudhani kizidishi ni cha kitu, kumbe ni cha tendo. Tuchukue majani ya nyika zetu. Katika mwongozo wa 2006, kilo moja ya majani makavu ya mbuga ikichomwa moto hukadiriwa kutoa gramu 1,613 za hewa ukaa na gramu 2.3 za methani. Lakini Wafipa tangu zamani hawakuwa wakiyachoma majani yote. Katika kilimo cha ntumba mkulima huyafunika kwa udongo katika vilima vidogo mvua zinapoelekea kwisha, nayo huoza na kuwa mbolea ya zao litakalofuata. Majani ni yale yale, lakini kizidishi cha moto hakiwezi kutumika kwa majani ambayo hayakuona moto. Sisi tulipotafuta mstari uliotaja ntumba hatukuupata. Wanafunzi walijifunza hapo kwamba ukosefu wa mstari katika orodha haumaanishi kwamba jambo halipo duniani, wala hauruhusu mtu kuokota mstari wa jirani.

Swali la pili: ni cha wapi? Mfano ulio bora ni wa ng'ombe wa maziwa. Mwongozo ule ule wa 2006 unakadiria kwamba tumbo la ng'ombe wa maziwa wa Amerika ya Kaskazini hutoa kilo 128 za methani kwa mwaka, na la ng'ombe wa Afrika na Mashariki ya Kati kilo 46. Yule wa kwanza amekadiriwa kutoa kilo 8,400 za maziwa kwa mwaka, na huyu wa pili kilo 475. Mfugaji wa Chala mwenye ng'ombe kumi akihesabiwa kwa kizidishi cha kwanza ataandikiwa kilo 1,280, badala ya kilo 460. Kuzidisha kumefanywa sawasawa, lakini ng'ombe si wake.

Umeme nao una kwao. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga haukuwa katika gridi ya Taifa, bali ulipata umeme kutoka Zambia, ambako sehemu kubwa ya umeme huzalishwa kwa maji. Anayehesabu umeme uliotumika Rukwa katika miaka hiyo kwa kizidishi cha gridi ya Tanzania amefuata mpaka uliochorwa kwenye ramani, hali waya ulipita njia nyingine.

Swali la tatu: ni cha lini? Kabla ya mwaka 2024 gesi asilia ilikuwa na sehemu kubwa katika umeme wa gridi yetu. Mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha, na uwezo wa mitambo yote ya bwawa hilo ni megawati 2,115. Kizidishi kilichokuwa kweli mwaka 2018 hakiwezi kubaki kweli baada ya hapo. Hata uzito wa methani ukilinganishwa na hewa ukaa katika miaka mia moja umebadilishwa na wataalamu wenyewe: katika taarifa ya IPCC ya mwaka 1995 ulikuwa mara 21, katika ile ya 2007 mara 25, na katika ile ya 2013 mara 28. Gesi haikubadilika, ujuzi ndio ulioongezeka.

Swali la nne: ni kwa kipimo gani? Kizidishi cha kuni katika mwongozo hakikutolewa kwa kilo, bali kwa kiasi cha joto: gramu 112 za hewa ukaa kwa kila megajuli. Kilo moja ya kuni hukadiriwa kuwa na megajuli 15.6. Kwa hiyo mwanafunzi huzidisha mara mbili: 15.6 kwa 112, apate gramu 1,747 hivi kwa kilo moja. Jiko la shule likitumia kilo 40 kwa siku, jibu ni karibu kilo 70. Asiyesoma kipimo atazidisha 40 kwa 112 moja kwa moja, naye atapata jibu lisilo na maana yoyote. Hali kadhalika, kuni mbichi zina maji mengi na hazitoi joto hilo. Basi ni lazima tuseme kuni zetu zilikuwa katika hali gani.

Mwalimu atakayependa kulitumia somo hili na afuate hatua zifuatazo. Mosi, wanafunzi wapime kitu wanachokiona kila siku, kama vile kuni za jikoni, kwa mizani halisi na kwa juma zima. Pili, waandike ubaoni maswali manne tuliyoyataja. Tatu, mwalimu awape mistari mitatu au minne ya vizidishi, iliyonakiliwa kwenye karatasi ikiwa shule haina kompyuta, na mmoja tu kati yake uwe unafaa. Nne, kila kundi lichague mstari na kutetea uchaguzi wake mbele ya wenzao. Mwisho ndipo wazidishe. Mpangilio huu una sababu. Mtoto akianza kwa kuzidisha, akili yake hulala mara jibu linapopatikana.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni kubwa mno kwa watoto, na kwamba liachiwe wataalamu. Ni kweli kwamba taifa lina wataalamu wake, wakiwamo wale wa kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Hatuwataki watoto wachukue kazi yao. Tunachowataka ni kuwa wasikilizaji ambao hawawezi kudanganywa. Mtoto anayeweza kutofautisha debe la mahindi na debe la mkaa anaweza kabisa kutofautisha ng'ombe wa Chala na ng'ombe wa Amerika, ilimradi mwalimu amemzoeza kuuliza.

Nanyi walimu watarajiwa, mtakapotayarisha maandalio yenu ya somo la hesabu, msiridhike na namba kwa kuwa tu imepigwa chapa au imetokea katika kioo cha kompyuta. Iulizeni ni ya tendo gani, ya wapi, ya lini, na kwa kipimo gani. Ikijibu yote manne, itumieni bila hofu. Isipojibu, waambieni wanafunzi wazi kwamba namba inayofaa bado haijapatikana, na muwaachie swali hilo katika madaftari yao. Huenda atatoka miongoni mwao atakayekwenda na mizani shambani kuipima ntumba.